Mkono unaposoma 85

Usiku huu bado nauwaza ugonjwa wa Takayasu, hasa namna kipimo cha presha kinavyoweza kumpotosha hata daktari mwangalifu.

Mwaka 1908 huko Japani, daktari wa macho Mikito Takayasu alieleza mishipa iliyojizungusha kama shada ndani ya jicho la mwanamke wa miaka 21. Wenzake wakataja wagonjwa wa aina hiyo ambao mapigo hayakushikika mkononi. Chanzo kilikuwa kimoja: kuta za aota, mshipa mkuu utokao moyoni, na matawi yake huvimba, zikanenepa, na njia ya damu ikabana.

Ubongo hulishwa na ateri nne za shingoni. Zikibana polepole, vijimshipa vya ubongo hutanuka kufidia. Vikishafika mwisho wa kutanuka, mtu akisimama ghafla macho huingia giza, au anaanguka. Wengi wa wagonjwa hawa ni wanawake walio chini ya miaka 40, na ni rahisi kuambiwa ni upungufu wa damu au mawazo tu. Inaniuma, maana vidole viwili kwenye kifundo cha kila mkono vingeweza kuamsha shaka.

Pima mikono yote miwili. Namba ya juu ikipishana kwa zaidi ya 10, tafuta sababu. Sikiliza kwa stetoskopu juu ya mtulinga na pembeni mwa shingo kama kuna mvumo. Kisha pima paja: mgonjwa alale kifudifudi, tumia mkanda mpana, sikiliza nyuma ya goti. Ateri za mikono yote zikibana, mkono waweza kusoma 85 huku paja likisoma 170, na moyo unasukuma dhidi ya hiyo 170. Lakini usiishushe kwa pupa! Ubongo wenye njia nyembamba unautegemea msukumo huo. Ukipungua ghafla, kiharusi. Aota ya tumboni nayo ikibana, hata paja haliaminiki, na presha itapimwa kwa katheta, mrija mwembamba, ndani ya aota.

Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, huanzia kwenye miligramu 40 hadi 60 kwa siku, ikipunguzwa polepole, mara nyingi pamoja na methotreksati, dawa ya kupoza kinga ya mwili; prednisoloni haiachwi ghafla. ESR, kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe, yaweza kuwa nzuri huku ukuta ukiendelea kuvimba, kwa hiyo picha za mishipa zirudiwe. Upasuaji, ikiwezekana, usubiri uvimbe utulie, la sivyo mshipa huziba tena. Na ukishafunguliwa, damu huingia kwa nguvu kwenye vijimshipa vilivyozoea uchache, vikaweza kuvuja, hivyo siku za mwanzo presha hulindwa kwa karibu isipande.