Mpira wa Tatu Ndio Unaompa Mtu Ushindi

Vijana wa Shangani, Mtwara, ninaocheza nao pikoboli (pickleball, mchezo wa kupiga mpira wa plastiki kwa kibao juu ya wavu) kila ninapokuja likizo kutoka Marekani, wana mikono myepesi na macho makali, lakini wanafungwa kwa sababu moja: kila mpira wanataka uwe ndio wa mwisho.

Mchezo huu ulianzia mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington ninakoishi, na mwaka 2022 jimbo hilo likaufanya mchezo wake rasmi. Kiwanja kina urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, sawa na kile cha mpira wa vinyoya cha watu wawili wawili, kwa hiyo sakafu ya saruji, chaki na wavu wa voliboli ulioshushwa vinatutosha kabisa.

Sheria inataka mpira wa kuanzia udunde kwa mpokeaji, na ule anaourudisha udunde vilevile kwa walioanzisha, kabla ya yeyote kuruhusiwa kuupiga hewani. Ndiyo maana wapokeaji huwahi wavuni, ilhali walioanzisha, ambao kwa hesabu ya kawaida ndio pekee wanaoweza kupata pointi, wanabaki wamebanwa nyuma. Mpira wao unaofuata, yaani wa tatu, ndio mtihani wenyewe. Unatakiwa upite juu kidogo ya wavu na kushukia katika lile eneo la mita 2.13 linaloitwa jikoni, ambamo hairuhusiwi kusimama na kupiga mpira hewani. Mpinzani hulazimika kuuinua kutoka chini, nawe wakati huohuo unasogea mbele.

Binamu yangu, ambaye ni mchezaji wa voliboli, alikuwa akiupiga mpira huo kwa nguvu zake zote, ukawafikia wapinzani usawa wa kifua, nao wakawa wanakinga kibao tu na pointi imekwisha. Nilimwambia ainamishe magoti, alegeze vidole, asivute mkono nyuma, kisha ausukume mpira kutoka begani. “Kaka, tunacheza au tunabembeleza mtoto?” akaniuliza. Nilimjibu kwamba tunabembeleza.

Upepo wa kusi nao una masharti yake, kwa kuwa mpira wenyewe ni wa plastiki, mwepesi, na umejaa matundu. Ukivuma kutoka mgongoni, mpira uliokusudiwa kuishia jikoni hupitiliza. Ukivuma usoni, hufia wavuni, na hapo ni heri kuupiga juu zaidi kuliko unavyodhani. Kwetu Washington mvua hutuingiza ndani ya kumbi kwa miezi mingi, na mchezaji wa ukumbini akiletwa pwani hii hutaabika mwanzoni.

Kuhusu mpira wa kuanzia sina mengi: upigwe kutoka chini ya kiuno, uende mbali, usikosee. Muda mwingi upewe zoezi la watu wawili, mmoja akisimama nyuma na kushusha mipira jikoni tu, mwingine akiirudisha kutoka wavuni, kisha wabadilishane. Vijana wengi hulikimbia zoezi hili kwa kuwa halina mshindi. Binamu yangu amelivumilia, ingawa matokeo yakifika 9 kwa 9 mkono wa voliboli bado humrudia, na wapinzani wake wameshalijua hilo.