Mama na yule kijana wa kwenye picha

Jamani leo siku ya nne na neno la mama bado linanizunguka kichwani. Wiki imekuwa na mengi, mkataba wa kazi umeongezwa mwaka mzima, Imani kafaulu mtihani wake wa Kiholanzi, namshukuru Mungu sana, ila mimi akili yote iko kwenye friji.

Mnakumbuka ile nakala ya picha ya Rembrandt, yule mchoraji wa Kiholanzi wa zamani, niliyobandika pale, inaitwa Chapa ya Gilda Mia (gilda ni hela ya zamani ya Uholanzi), ile aliyoichora kwenye bamba la shaba hapa hapa Amsterdam akaimaliza kama 1648 hivi. Jumapili tumetoka kanisani mama kavaa miwani anaikagua, basi nikaanza kumweleza kwa furaha kwamba hiyo ni Mathayo 19 imewekwa yote pamoja, Mafarisayo wanabishana, wagonjwa wamelala chini, Petro anamzuia mama mwenye mtoto na Yesu kanyoosha mkono ampokee, hadi ngamia yupo kule langoni. Mama akaweka kidole kwa kijana aliyekaa, nguo nzuri, mkono usoni.

"Na huyu?"

"Ni yule tajiri, mama. Kaambiwa auze mali zake awape maskini."

Akakaa kimya weee. "Amekaa kama unavyokaa wewe ukitoka kazini."

Akaenda kuosha vyombo. Nimelirudia hilo neno kwenye treni, kwenye shifti, usiku. Ni ile hela ya bati ya mdogo wangu ambayo sijatuma? Au ameona tu nimechoka? Iliniuma, maana sikuthubutu kumuuliza.

Jana usiku nikaibandua nikaisogeza kwenye taa. Biblia inasema yule kijana akaenda zake kwa huzuni, lakini Rembrandt hajamwondoa! Bado yupo, kakaa kati ya akina mama na watoto anawaza, na Yesu yuko hatua chache tu. Halafu nikaona kitu ambacho miaka yote sijakiona, kuna mwanamke kapiga magoti anaomba, na kivuli cha mikono yake kimeangukia kwenye vazi la Yesu. Nililia, na haikuwa kwa uchungu tena. Asubuhi nikamwonyesha mama, akasema, "Huyo nilimwona Jumapili, mwanangu, nikadhani unamjua." Hela ya bati nimeituma mchana.

Ila nimehesabu dawa zake za presha, zimebaki sita na safari yake ni Alhamisi ya wiki ijayo.