Yai moja la Jumapili ya kwanza

Nilishuka kwenye kosta pale njia panda na begi moja. Miaka tisa Oman, begi moja. Nilipoondoka Machame mwaka 2014 niliaga nikisema nakwenda kutafuta hela ya kujenga, kwa hiyo kila aliyekuja kunipokea alichungulia nyuma yangu, kana kwamba mizigo mingine inafuata na gari la pili. Ninyi mlio bado Uarabuni na mnaogopa kurudi mikono mitupu, ninawaandikia ninyi hasa.

Mama hakuchungulia. Alinishika mkono tukaenda moja kwa moja kihambani, kati ya migomba, kwenye kaburi la baba. Nilikuwa sijaliona. Baba alizikwa 2019 mimi nikiwa Muscat, pasi yangu ya kusafiria imefungiwa kabatini kwa mwajiri. Mazishi niliyaona kwenye simu, picha ikikatikakatika, nimesimama jikoni, mchele umo majini.

Bibi wa nyumba ile, mzaliwa wa Unguja, ndiye aliyenikuta. Aliniondolea mwiko mkononi akasema, "Kaa mwanangu, ulie." Mchele akauosha yeye. Yeye Mwislamu, mimi Mlutheri, na wakati ule nilikuwa nimemnunia Mungu kabisa. Miezi mingi sikusali. Nalisema hili waziwazi kwa sababu shuhuda nyingi tunazozisikia huliruka.

Kilichonirudisha hakikuwa muujiza. Huko mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Wakristo wengi pale Ruwi, mjini Muscat, husali Ijumaa, na Ijumaa mojamoja nilizopewa ruhusa nilikwenda. Wahindi, Wafilipino, Waethiopia. Maneno mengi yalinipita. Lakini dada aliyekaa kando yangu alikuwa na mikono iliyochubuliwa na sabuni kama yangu, na alikuwa anaimba. Nikaanza kuimba naye, kwanza midomo tu.

Jumapili ya kwanza nyumbani nilitaka nibaki kitandani. Usharikani kwetu aliyerudi safari husimama wakati wa matangazo, na watu hutarajia sadaka ya shukrani. Akiba yangu ilikwishia kwenye matibabu ya baba na ada za wadogo zangu. Mama alitoka bandani na mayai matatu. Mawili akayafunga kwenye kanga, moja akaniwekea kiganjani, bado lina joto la kuku.

Kwa wasioyajua mambo ya huku kwetu: asiye na fedha huleta alichonacho, mkungu wa ndizi, maziwa, parachichi, kuku, na ibada ikiisha vinanadiwa nje ya kanisa. Anayenunua hulipa kupita bei ya sokoni kwa makusudi. Mara nyingi hakichukui. Humpa mjane, au hukirudisha kinadiwe tena, na kitu kimoja kikauzwa hata mara tatu. Injili iliingia Machame 1893, na kwangu mimi hakuna kitu wazee wetu walichotuachia kanisani kizuri kama mnada huu.

Mzee wa kanisa akalinyanyua yai langu. "Mia tano! Elfu!" Kijana wa bodaboda akalichukua kwa elfu mbili, akasema apelekewe bibi wa jumuiya yao, yule asiyeinuka kitandani. Mzee akanigeukia: "Peleka wewe, binti. Si wewe ndiye mwenye yai?"

Nililibeba kwa mikono miwili, mlima mtupu, matope ya masika yananivuta viatu. Bibi hakunitambua mpaka nilipotaja jina la baba. Akalishika yai, akanyamaza kidogo.

"Baba yako alikuwa ananisomea Zaburi hapa kila Jumatano," akasema, "mpaka miguu ilipomkataa."

Hakuna aliyewahi kuniambia hilo kwenye simu. Baba mwenyewe hakuniambia. Nikainuka nikabandika maji. Yai tukaligawana nusu kwa nusu, na wakati naaga akaniuliza kama nyumbani ile Biblia yenye maandishi makubwa bado ipo.

Ipo. Nimeshakwenda nayo Jumatano tatu.