Sindano ya mgongo

Mama mkwe alipiga simu kutoka Sengerema: "Wakubalie yote, mwanangu, ila mgongo wasiuguse." Kwetu Kanda ya Ziwa kila mtu ana habari ya mtoto aliyetolewa maji ya uti wa mgongo akafa. Hawasemi kwamba mtoto huyo alifikishwa hospitali akiwa hajitambui tayari.

Wangu alianza na meno kucheza. Likang'olewa moja, taya likazidi kufura. Kipimo cha kipande cha nyama ya uvimbe kikaleta limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga za mwili, ile aliyoiandika Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala, na ambayo hadi leo inaandama watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Haina subira: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Kemo, yaani dawa za saratani, haijaanza, nikaona akilala jicho la kushoto linabaki wazi, na uji unamtoka pembeni ya mdomo. Jirani akasema upepo mbaya. Daktari akasema huenda seli za saratani zimeshafika kwenye mishipa ya fahamu ya kichwani.

Nilimshika mwenyewe. Alilazwa ubavu, magoti yakasukumwa kifuani mpaka pingili zikajichora moja moja. Maji yakatoka tone kwa tone, maangavu kabisa. Nikauliza mbona wanammaliza maji. Nesi akacheka, akaniambia mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kila siku. Kisha, sindano ikiwa palepale, ikaingizwa methotreksati, dawa ya kemo yenye rangi ya njano iliyokolea. Dawa nyingi za dripu hazipenyi vizuri ukingo unaotenga damu na ubongo. Taya linanywea huku ugonjwa umejibanza kichwani. Ukikataa mgongo usitobolewe, anayefaidi ni saratani.

Maabara walizikuta seli zenyewe kwenye yale maji. Tukarudia sindano mara nyingi, na sasa jicho linafumba, ingawa kwa kujivuta. Mama mkwe anapiga simu kuuliza anakula nini.

Kinachonitisha mimi ni kingine. Kwenye kemo hiyohiyo kuna dawa iitwayo vinkristini, ya kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa mgongoni kwa bahati mbaya, inaua. Wodini kwetu huitoa siku tofauti na ya mgongo. Hata hivyo nauliza kila mara, na nesi wala hanuni, ananisomea kibandiko kwa sauti.