Forester imeshuka, mgongo unalalamika

Wiki ya tatu sasa tangu nifunge springi fupi kwenye gari langu, Subaru Forester XT. Imeshuka kama sentimita 3. Jamani, kona za mlima Kitonga! Gari imetulia, hailali upande kama zamani, naipenda mno.

Shida ni matuta. Niliacha shokapu za zamani ili nibane hela, nazo haziwezi kutuliza springi ngumu hizi: ukipita tuta gari linadunda mara mbili tatu, halafu nyuma unasikia "ko!" Fundi alipofungua, raba ya kugotea, ile inayozuia shokapu isigonge mwisho, ilishapondeka. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, nimeshafanya, tairi zisilike upande wa ndani.

Mwisho wa mwezi nanunua shokapu zinazoendana na springi hizi. Mama akipanda anashikilia mlango njia nzima, inaniumiza.