Sababu ya kila mstari

Jumapili, usiku

Tumemaliza kupandisha toleo la mfumo wa ofisini. Kesho asubuhi matawi ya Mwanza na Mbeya yanaingia kwenye Business Central kwa mara ya kwanza. Mwili umechoka lakini usingizi hauji, basi niandike kabla sijasahau.

Kampuni yetu ipo Barabara ya Nyerere, tunasambaza bidhaa za majumbani. Manunuzi, stoo, ankara na hesabu zote zimo kwenye mfumo mmoja. Mfumo huu ulizaliwa Denmark ukiitwa Navision. Microsoft waliinunua kampuni iliyoutengeneza mwaka 2002, baadaye ukaitwa Dynamics NAV, na tangu 2018 jina lake ni Business Central. Unauzwa ukiwa umekamilika, ila sijawahi kuona kampuni hapa mjini inayoutumia kama ulivyotoka kiwandani. Kila mmoja anauchonga ufuate biashara yake, nasi tuliuchonga miaka mingi.

Zamani kuchonga maana yake ilikuwa kuufungua msimbo wa mtengenezaji, yaani maandishi yanayouendesha mfumo, na kuandika mistari yako katikati ya mistari yake. Sehemu iliyoguswa zaidi kwetu ni ile namba 80, inayoposti mauzo, yaani kuyaingiza rasmi kwenye hesabu. Ni sawa na mpangaji kubomoa ukuta wa nyumba ya watu ili mlango uelekee anakotaka yeye. Siku mwenye nyumba anakuja kukarabati, fundi wake anakuta ramani na nyumba havifanani. Ndiyo maana makampuni mengi hukaa na toleo moja hadi linazeeka: kulipandisha kunahitaji kuziweka nakala tatu kando kwa kando, ya mtengenezaji ya zamani, ya kwenu mliyoichonga, na yake mpya, kisha kuamua mstari kwa mstari nani abaki.

Kuanzia toleo la 15, lililotoka Oktoba 2019, ukuta haubomolewi tena. Msimbo wa msingi unaachwa kama ulivyo, na unachotaka unakiandika pembeni kama kiendelezi kinachosubiri tukio fulani litokee, kwa mfano ankara inapotaka kupostiwa, ndipo nacho kifanye kazi yake. Data zetu zilibidi zipitie toleo la 14 kwanza, ndilo la mwisho kukubali mtindo wa zamani, halafu zikaendelea. Marekebisho yenyewe hayakuvuka. Kila moja lilitakiwa kuandikwa upya au kuachwa.

Kuandika upya si kazi ngumu ukijua unachoandika. Ugumu ulikuwa kujua kwa nini kipo. Msimbo wetu ulikuwa na alama za kila badiliko, pale lilipoanza na pale lilipoishia, pamoja na tarehe na herufi mbili za jina la aliyeandika. Sababu hakuna. Wenye herufi hizo wengi walishaondoka, na washauri wa nje waliofanya sehemu kubwa ya kazi ile hatuko nao tena.

Kuna badiliko moja nataka nilieleze vizuri. Mfumo ulikuwa unakataa kuchapa hati ya kupelekea mzigo kwa wateja wa Kariakoo mpaka kisanduku kimoja kijazwe jina. Kisanduku chenyewe kiliandikwa "Mbebaji" tu. Kijana wetu wa programu alikiwekea alama ya kufutwa, na kwa kutazama msimbo peke yake alikuwa na hoja: gari tayari lina namba, dereva tayari ana jina, mbebaji wa nini tena? Nilishuka stoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Nikamuuliza. Mtunza stoo wetu akaweka kalamu chini. "Fuso halifiki mlangoni kwa mteja, mwanangu. Linasimama barabara kubwa, mzigo unamalizia kwa guta au mkokoteni. Katoni zikipungua kati ya gari na duka, nitamuuliza nani? Tulishabishana sana na wateja kabla ya kisanduku hicho."

Maneno hayo hayakuwa popote kwenye kompyuta zetu. Yalikuwa kwa mtu mmoja anayekaribia kustaafu. Tungekifuta, magomvi ya katoni yangerudi, na sisi wa ghorofani tungesema mfumo mpya hauna tatizo. Kisanduku kimeandikwa upya kama kiendelezi, na juu yake yapo maelezo ya mzee kama alivyoyasema.

Kwa upande mwingine kulikuwa na idhini ya pili kwenye ankara kubwa, iliyowekwa kwa ajili ya meneja aliyeshastaafu. Miaka yote hiyo mtu mwingine alikuwa akibonyeza tu ili kazi isonge. Mama wa uhasibu aliposikia alisema, "Ondoa hata leo." Badiliko letu la kutuma ankara kwa barua pepe nalo tumeliacha, maana toleo jipya linatuma lenyewe.

Ripoti moja ya mauzo ilikuwa na 18 imeandikwa ndani ya hesabu, badala ya kuchukua kiwango cha VAT kutoka kwenye jedwali la kodi. Hili liliniuma. VAT ilikuwa asilimia 20 hadi Julai 2009 iliposhuka kuwa 18, na Sheria ya Fedha huja na mapya kila tarehe 1 Julai. Anayeandika kiwango cha kodi ndani ya msimbo anamtegea mtego mtu atakayekuja baada yake.

Yapo marekebisho ambayo hayawezi kuisha, na sidhani tuyaonee haya. Mtengenezaji wa mbali hatatuandalia risiti ya kifedha ya TRA, mamlaka ya mapato, yenye namba ya uhakiki na ile alama ya kuskani. Hilo ni letu, litabaki letu, na linastahili kutunzwa kuliko yote: majaribio yake, mtu wake, nafasi yake kwenye ratiba. Hata wikiendi hii tuliichagua kwa kalenda ya kodi. PAYE, kodi ya mishahara, hulipwa kufikia tarehe 7, ritani ya VAT hupelekwa kufikia tarehe 20, mwisho wa mwezi uhasibu unafunga hesabu. Nafasi ya kupumua ni zile siku chache baada ya tarehe 20, na mtu wa nje asingeliona hilo.

Nimekubaliana na mama wa uhasibu kwamba kuanzia sasa ombi lolote la kubadili mfumo liandikwe na anayelihitaji, kwa Kiswahili cha kawaida: tatizo gani linatokea bila badiliko hili, nani atasema siku ambayo halihitajiki tena, na tutajaribu vipi kwamba bado linafanya kazi. Maelezo hayo yatakaa ndani ya kiendelezi chenyewe, maana faili za pembeni hupotea pale mtu anapobadilishiwa kompyuta. Kwa kuwa matoleo makubwa sasa yanatoka kila Aprili na Oktoba, tutayapitia mara mbili kwa mwaka, tukiwa na mtunza stoo na keshia mezani.

Yamebaki marekebisho machache ambayo hatukumpata mwenyewe. Tumeuliza stoo, uhasibu, mauzo na matawini, hakuna aliyeyatambua. Hatukuyaandika upya. Yamo kwenye orodha na msimbo wake wa zamani umehifadhiwa, na Mbeya na Mwanza wameambiwa: kitu mlichozoea kikikosekana, pigeni simu moja kwa moja kwangu, na mniambie mlikuwa mnakitumia kwa kazi gani.