Pikapu Iliyolala Nyuma ya Banda la Ng'ombe

Habari niliipata kwa utingo wa Fuso, na hakunipa bure. Ilikuwa Tanga, mwaka 2016, alfajiri sokoni, kabichi za Lushoto zikishushwa, na jamaa alitaka kwanza chai na chapati mbili ndipo aseme. Alipokwisha kufuta mikono kwenye suruali akaniambia, "Mgosi, si wewe mwenye wazimu wa Land Rover? Kwetu Mlalo kuna 109. Pikapu. Ipo nyuma ya banda la ng'ombe, juu ya mawe."

Wazimu huo siukatai. Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Kutwa napitisha makaratasi ya magari ya mtumba kutoka Japani, na katika yote hayo hakuna hata moja lililowahi kuninyima usingizi. Lakini nikiona Land Rover ya zamani imeegeshwa kwenye mwembe wa mtu, basi tena, safari yote nitageuza shingo.

Magari haya huyapati kwenye yadi. Ukiuliza 109 huko watakuonyesha Noah. Wenye ugonjwa wetu huulizia kwa mautingo, kwa wachomeleaji, kwa wauza spea walio na makopo ya nati zisizo na wenyewe, kwa walinzi wa mashamba ya mkonge na kwa masista wa misheni, ambao hutunza gari kuliko mtu yeyote ninayemjua. Wengine hushinda kwenye minada ya mali chakavu, ambako tangazo husema gari linauzwa kama lilivyo mahali lilipo, na siku ya kulichukua unakuta kabureta haipo. Mimi basi nikipanda hukaa dirishani, upande wa nyumba. Macho yanatafuta turubai lenye mabega ya mraba chini yake.

Na lazima uwahi, maana tuna washindani wabaya. Bodi ya Land Rover hizi ni aluminiamu, haishiki kutu kama bati la magari mengine, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua hilo vizuri sana. Mtu anakuja na mizani na shoka, bodi inakatwa vipande, inayeyushwa, inamiminwa sufuria. Sijui ni 109 ngapi leo zinapika ubwabwa kwenye harusi za Tanga. Pikapu ndizo zilizoisha zaidi. Zile za viti vingi ziliponea kwenye utalii wa Arusha, lakini pikapu ilizaliwa kubeba: mawe, kuni, mkonge, maiti, bibi harusi, na ikichoka hapakuwa na mtu wa kuionea huruma. Hiyo 109 yenyewe ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, karibu mita 2.8. Hili la Mlalo, kwa maelezo ya utingo, lilikuwa Series III, toleo lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Alijuaje? "Dashibodi ya plastiki, mgosi, na saa za kuonyesha mwendo ziko mbele ya dereva." Chapati zangu hazikupotea bure.

Nilimchukua fundi wangu, mzee aliyejifunzia kazi kwenye gereji ya shamba la mkonge na ambaye haamini kompyuta wala fundi yeyote aliyezaliwa baada yake. Tukapanda Mombo, Soni, Lushoto, kisha ile njia ya vumbi na makorongo hadi Mlalo. Mfukoni mwake alikuwa na mswaki wa waya, spana ya plagi, kipande cha chaki na nyundo ndogo.

Mama mwenye nyumba alitupokea mlangoni. Tukaamkia, tukakaribishwa, na kabla hatujakaa sawasawa akauliza, "Ninyi ni wa vyuma chakavu?"

"Hapana, mama."

"Maana alikuja mmoja na mizani. Akasema laki nane, na gari atalikata hapahapa uwanjani. Nikamwambia nenda kakate la mama yako."

Tulijua tumefika kwa mtu. Tukanywa chai ya maziwa, tukala viazi, tukaulizwa kwetu, tukaulizwa ukoo, na mambo ya gari hayakuguswa mpaka vikombe vilipoondolewa. Aliyekuwa na gari ni marehemu mumewe. Alilinunua miaka ya 90, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakiuza mali zao, akalipakia viazi, karoti na abiria kwa miaka mingi. Lilipokufa, naye akawa mgonjwa. Likabaki palepale aliposhukia mara ya mwisho.

Nyuma ya banda kulikuwa na harufu ya samadi na majani ya migomba yaliyokauka juu ya boneti. Rangi ilikuwa ile ya kijani iliyokolea, imepauka mabegani. Magurudumu mawili hayakuwepo, mahali pake mawe yamepangwa vizuri kama msingi wa nyumba. Nikafungua mlango wa dereva, nikafokewa kutoka ndani. Kuku alikuwa amelalia mayai chini ya usukani.

"Huyo asiguswe," mama akasema. "Zimebaki siku chache."

Basi ukaguzi wote ulifanyika kuku akiwa kazini. Fundi hata hakuitazama bodi. Alijilaza chali kwenye kinyesi cha ng'ombe bila kusita, akaanza kugonga chasisi kuanzia nyuma, maana ugonjwa wa gari hili ndipo ulipo: bodi haiozi, chuma kinachoibeba kinaoza. Chuma kizima kikigongwa hulia ngaa. Kilichooza husema puu, na nyundo ikibaki humo ujue. Kile chuma cha chasisi kilichokingama nyuma kabisa kilisema puu pembe zote mbili. Kwingine kote ilikuwa ngaa, ngaa, ngaa, na kila ngaa mimi nahesabu pesa. Kwenye ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Na pale aluminiamu inapokutana na chuma kulikuwa na unga mweupe, kama ilivyo kwenye karibu kila Land Rover ya umri huo. Vyuma hivyo viwili havipatani kukiwa na unyevu.

Kisha namba. Series III imegongwa namba mbele kulia, kwenye chasisi karibu na mshikio wa springi, na hapo kulikuwa na grisi iliyogeuka lami. Fundi akasugua kwa petroli, akapiga mswaki wa waya, akapitisha chaki ubapa mpaka tarakimu zikajitokeza nyeupe. Akawa anazisoma kwa sauti, kijana mkubwa wa nyumba ameshika kadi ya gari anafuatisha kwa kidole. Ya mwisho ilileta ubishi, 3 au 8. Tukaenda kwenye kile kibati cha ndani ya gari, tukakisoma kwa kumzunguka kuku. Ikawa 8, na kadi nayo ilisema 8. Mimi kwa kazi yangu ndicho nilichokiogopa kuliko kutu. Kutu inachomelewa. Namba isiyolingana na kadi utazunguka nayo ofisi hadi uzeeke.

Injini ilikuwa ya kwake ya kuzaliwa, ya petroli, lita 2.25. Hilo peke yake lilinipandisha mapigo ya moyo, kwa sababu wenye magari wengi walishazing'oa wakaweka za dizeli za Toyota, na siwalaumu, injini hii inakunywa petroli. Fundi akatoa plagi nne, akamimina oili kidogo kila tundu, akaomba hendeli. Series III bado ina tundu la hendeli mbele, unaweza kuizungusha kwa mkono betri ikikataa. Hendeli ikatafutwa. Ikaonekana imekitwa ardhini mbele ya banda, imefungiwa ndama.

Ndama akahamishwa. Fundi akaichomeka, akaegemea, hakuna. Akapumzika, akasema maneno ya Kisambaa ambayo mama aliyacheka, akaegemea tena kwa uzito wote. Ikatoa mlio wa kitu kinachoamka bila kutaka, kisha ikazunguka. Nusu, halafu nzima. Oili ikaruka kwenye tundu la plagi ikampata shavuni. Hakuifuta.

Mnunuzi wa gari la zamani akidhani kazi ngumu ni chuma, hajawahi kununua kwa wafiwa. Gari lilikuwa bado na jina la marehemu. Bahati yetu familia ilikuwa imeshapita kwenye kikao cha ukoo na Mahakama ya Mwanzo, yule kijana mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi na barua anayo. Bila barua hiyo mauziano ni hadithi tu. Lakini msimamizi hauzi kitu shangazi yake akiwa amekunja uso, na shangazi, dada wa marehemu, aliitwa kutoka kijiji cha pili. Alikaa kwenye kigoda, akanitazama toka viatu hadi kofia.

"Utalifanyia nini?"

"Nitalitengeneza, shangazi."

"Ukishalitengeneza?"

"Nitalipanda."

"Kwenda wapi?"

Hapo nilikosa jibu la maana. Nikasema Pangani. Akauliza kama Pangani hakuna basi. Fundi akaangalia migomba.

Walitaka milioni sita. Nilianza na tatu, kijana akacheka kwa adabu, tukaenda mbele na nyuma mpaka jua likaegemea mlima, tukaishia milioni nne na laki mbili, kuku na vifaranga vyake wasihesabiwe. Shangazi alikubali kwa kunyamaza. Baadaye tuliandikishana kwa wakili Lushoto, mtendaji wa kijiji akiwa shahidi, nikalipia ushuru wa stempu na mambo ya kubadilisha umiliki TRA, kazi ninayoifanya usingizini.

Kilichonisumbua kilikuwa mlango. Kwenye milango yote miwili kulikuwa na maandishi ya mkono, ya rangi nyeupe, jinsi magari ya biashara yalivyokuwa yakiandikwa: jina la mzee kwa herufi kubwa, S.L.P., LUSHOTO, na chini yake uzito wa gari. Mchoraji alikuwa na mkono. Herufi zilikuwa na kivuli chekundu upande mmoja, na ile S ilijikunja kama imechorwa kwa pumzi moja. Kwetu sisi kitu kama hicho ndicho roho ya gari. Rangi mpya mtu yeyote atapaka. Maandishi yale hayarudi.

Tulipokuja kulichukua, mayai yameshaanguliwa, nilikuta wajukuu wawili wameshika msasa na kopo la tina. Mlango wa kushoto ulikuwa umeshakuwa mtupu.

"Mama, tafadhali, huo mwingine uacheni."

"Kwa nini?"

Nikaeleza. Nadhani nilieleza vizuri, kwa hisia. Nikafika mpaka kuongeza laki mbili juu ya bei, pesa ambazo sikuwa nazo. Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, gari nimekuuzia. Jina sijakuuzia. Na tena ukishuka nalo Soni na jina lile, kila aliyekuwa na lake na mzee atapanda kuja kunidai mimi." Akawageukia wajukuu. "Sugueni."

Walisugua. Sikuwa na la kufanya, nikaenda kusaidia kutoa mawe. Nilichukua picha ya ile S kwa simu kabla haijaisha, picha mbovu, kidole changu kimeziba pembe.

Kulipakia lilikuwa jambo la kijiji kizima. Fuso ileile ya kabichi ilirudi kinyumenyume hadi kwenye ukingo wa shamba uliokuwa sawa na bodi yake, mbao mbili zikawekwa, magurudumu ya kuazima yakafungwa, na vijana kumi na kitu wakasukuma 109 ikaingia juu ya Fuso kwa kelele na dua. Ikafungwa kamba. Utingo akapanda akakaa kwenye kiti cha dereva wa pikapu, akashika usukani, akakataa kushuka, akasafiri hivyohivyo kuteremka milima yote.

Soni tulisimama dereva anywe maji. Mzee mmoja mwenye panga mkononi akaja polepole, akazunguka Fuso, akainua kichwa.

"Hiyo si ya yule mzee wa Mlalo?"

Milango mitupu, haina herufi hata moja. "Umeijuaje, mzee?" nikauliza.

"Hilo bonde kwenye bodi, juu ya tairi ya mbele, aligonga ukuta wangu. Nani kainunua?"

Utingo, kule juu, akanionyesha kwa mdomo.

"Sawa," mzee akasema. "Nilimlipa nauli anishushie magunia mawili ya viazi Mombo, kwa dada yangu. Mvua zikaja, gari likamfia. Hakunishushia wala hakunirudishia."

Nilikuwa nafungua kinywa nimweleze habari za mirathi na mkataba wa wakili. Fundi akaniwahi. "Viazi vyenyewe viko wapi?"

"Vile vilioza zamani. Ninavyo vingine."

Akavileta kwa toroli la mbao, magunia mawili yaliyojaa mpaka yakashonewa majani juu. Tukayainua, tukayapanga ndani ya bodi ya pikapu iliyokuwa juu ya bodi ya Fuso, na dereva wa Fuso akadai shilingi elfu nne za mzigo wa ziada. Mzee akasema hatoi hata senti, nauli ilishalipwa. Wote wakanitazama mimi.

Nikatoa.